Wakala wa Baba Yake

Malindi, Unguja
9 Januari 2006

Kaka Machano,

Shikamoo. Huku wote wazima, ila mke wangu Biasha goti linamsumbua, na paa la jikoni linavuja pale pale ulipoliziba ulipokuja mwaka elfu mbili. Mji umetulia. Mimi nipo bado maktaba ya chuo, Tunguu, nakwenda asubuhi na basi la wafanyakazi na kurudi alasiri.

Mwanao Yusra hajambo. Ametimiza miaka ishirini, na hilo ndilo lililonikalisha niandike. Bi Muzna, wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ameleta posa kwa ajili ya kijana wake Sami, yule anayeendesha boti ya wageni Kizimkazi. Kijana anaswali, hana makelele. Yusra alipoulizwa aliinama akaanza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Wenyewe wanataka nikaha iwe Mei, msimu wa mvua, wageni wanapokuwa wachache na boti imelala.

Wewe ndiye baba na ndiye walii, mwenye haki ya kumuoza. Ukiweza kuja, hakuna bora kuliko hilo. Ukishindwa, shekhe anasema uandike karatasi ya kunipa mimi wakala wa kumuoza kwa niaba yako, na mashahidi wawili watie saini. Karatasi moja tu, kaka.

Lipo na jambo jengine dogo. Pale chuoni yupo Bi Shariffa, anafundisha habari za nchi zilizotoka vitani. Vitabu vyake vyote vinaeleza Wazungu wanavyopatanisha watu. Nilipomwambia kaka yangu ni mwashi Kongo, kwenye kazi za Waarabu, na Wachina wapo jirani, alivuta kiti akakaa. Anataka kujua hao wanaleta amani kwa njia gani. Ukipata nafasi mwandikie mistari miwili mitatu.

Nduguyo,
Khatib


Kasimbira, Kongo
26 Februari 2006

Mdogo wangu Khatib,

Marahaba. Barua yako imekaa njiani wiki tano na imefika imelowa pembe moja. Mjaka, yule anayeuza vitenge Kigoma, ndiye aliyeivusha ziwa. Mpe pole Biasha. Mimi mgongo unanisema kila nikiinama, na mikono imeliwa na saruji, lakini nakula na nalala.

Mwambie mwalimu wako mimi niliishia darasa la sita, asitarajie makubwa. Nitamwambia nilichokiona.

Hapa kuna watu wa ziwani na watu wa mlimani. Wamepigana miaka mitano. Wazungu ndio waliokuja kwanza. Walifunga turubai wakaita semina, kila mtu akaambiwa aandike kwenye karatasi kubwa kitu kinachomuuma. Watu waliandika kweli, kisha wakasoma walichoandikiana, wakarudi majumbani wamenuna kuliko walivyokuja. Soda ilikuwa ya baridi lakini, hilo kila mtu analisifu.

Wachina wao wana barabara. Hawakuulizi wewe wa wapi. Una mikono, beba jiwe. Yule mkubwa wa bunduki wa njia ile, ambaye watu wanajua amezika wangapi, alipowazuia walimpa mapipa ya mafuta, wakapita. Nilichukia kuona. Lakini barabara imefika, na mama wa mlimani aliyekuwa akifa kwa uchungu wa uzazi sasa anafikishwa zahanati.

Waajiri wangu ni Waarabu wa Ghuba. Wao wanaanza na chakula. Wanachinja ng'ombe, wanawaalika wazee wa pande zote mbili, wanawakalisha kwenye sinia moja, na hawamuulizi mtu nani alianza. Wakishakula, kazi: kisima mlimani, kisima ziwani, skuli katikati. Wanawake hawakuulizwa wanataka visima wapi. Ningeulizwa mimi ningesema waulizwe, lakini na mimi sikuulizwa.

Mwezi uliopita alikuja mgeni mkubwa kutoka kwao, na mkalimani ana homa. Mhandisi wetu, Saud, akaniita kwa Kiswahili chake cha kuungaunga.

"Wewe si mtu wa Zanzibar? Zanzibar kuna Kiarabu."

"Kipo," nikamwambia, "lakini mimi sikukichukua."

Hakunisikia. Nikasimamishwa mbele ya wazee nikiwa na suruali ya kazi iliyojaa zege. Mgeni akaweka mkono kifuani akasema maneno marefu, mimi nikalidaka moja: hasra, hasra kubwa, kwa ajili ya wafu wenu wote. Nikatangaza kwa sauti: "Mgeni anasema ana hasira, hasira kubwa, kwa ajili ya wafu wenu!"

Mzee Ramazani wa mlimani akainuka. "Wafu wetu wamemkosea nini?"

Mmoja wa ziwani akapiga kelele nyuma: "Hasira na wafu wa nani? Wao au wetu?"

"Wote," nikasema, kwa kuwa ndivyo alivyosema.

Khatib, hapo ndipo pande mbili zile zilipokubaliana kwa mara ya kwanza: zilitaka kunipiga. Akaniokoa Mwalimu Sumaili wa madrasa ya ziwani. "Kaeni jamani, kaeni. Kwa Kiarabu neno hilo ni majonzi. Huyu fundi wa zege, nani kamtia kwenye maneno?" Watu wakacheka, na Ramazani akacheka, mgeni naye akacheka bila kujua kwa nini. Saud anasema mkutano haujapata kwenda vizuri kama siku ile.

Habari ya posa nimeisoma. Yusra ananitaja? Alipokuwa mdogo alikuwa halali mpaka ashike kofia yangu.

Machano


Malindi, Unguja
20 Aprili 2006

Kaka Machano,

Shikamoo. Mvua zimeanza na jikoni tumeweka ndoo tatu. Biasha anakushukuru kwa pole. Yusra humkanda goti kila jioni kwa mafuta ya karafuu na sasa anapanda ngazi.

Barua yako imetupa raha isiyo na mfano. Nilimsomea Bi Shariffa, akanitaka niwasomee wanafunzi. Nilisimama mbele ya darasa mara yangu ya kwanza tangu nizaliwe. Walicheka, kisha wakauliza maswali ya maana: kama mtu asiyeuliza nani alianza anaweza kweli kupatanisha, na kama yule wa bunduki aliyepewa mafuta atatosheka. Nilijibu nilivyoweza. Imechapishwa kwenye jarida la chuo, chini wameweka jina langu, kwa kuwa wewe hawakujui.

Yusra nilimsomea nyumbani. Alicheka mpaka machozi. "Baba, soma tena," akasema, "soma tena pale pa wafu." Nikasoma mara tatu.

Lakini ya wakala hukuyagusa. Mei inabisha hodi. Bi Muzna amekuja juzi na sahani ya halua, akakaa, akaongea habari za bei ya samaki, akaondoka bila ya kuuliza. Unajua maana ya mgeni kutouliza. Andika, kaka.

Khatib


Kasimbira, Kongo
2 Juni 2006

Khatib,

Mimi mzima. Mtu mmoja ameanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi wa skuli, amevunjika mkono. Sisi wengine tunaendelea.

Ile "Baba" uliiandika kwa bahati mbaya au kusudi? Nilipoondoka alikuwa akikwita Ami, kama mtoto yeyote anavyomwita ndugu wa baba yake. Ulipokuja uwanja wa ndege kunipokea mwaka elfu mbili ulikuwa Ami. Lini umepanda cheo?

Nitakwambia kama ninavyoona, na ukiniona mbaya basi mimi ni mbaya. Nakuonea wivu. Nauonea wivu mkono wako unaofungua mlango anapobisha. Namuonea wivu Biasha kwa goti lake, maana linakandwa. Mimi mgongo wangu unakandwa na ukuta. Hata yule Sami namuonea wivu, na sijamuona, lakini kumuonea yeye nimeambiwa ni haki ya baba. Kukuonea wewe sijaambiwa na mtu.

Nilikuandikia barua, ukasimama nayo mbele ya watu, ukaweka na jina lako. Maneno yangu. Mimi ndiye niliyesimama na suruali ya zege nikakaribia kupigwa, wewe ndiye uliyepigiwa makofi. Sasa unataka nikupe na karatasi, usimame mbele ya shekhe, umuoze binti yangu kwa ulimi wako, watu wakutazame wakuone baba.

Sitoi wakala. Mtu akiwa mbali kama mimi, kadhi anaoza. Amuoze kadhi. Angalau yeye hatamsomea mtu barua zangu.

Machano


Malindi, Unguja
1 Julai 2006

Kaka Machano,

Shikamoo. Sote wazima.

Barua yako imewahi, siku kumi na nane tu. Nimeisoma peke yangu ofisini. Nyumbani nimesema haijafika.

Kadhi anaweza kuoza, ndiyo. Nilimuuliza Yusra kwa kuzungukazunguka, nikasema pengine baba yako kazi zimemzidi. Alinitazama akasema, "Kama hakutaka, basi na mimi sitaki. Sitaozwa kama mtu asiye na baba na mimi nnaye." Akenda zake jikoni.

Mei imepita. Bi Muzna ametupa mpaka kabla ya Ramadhani. Shangazi wa Sami ameshaanza kumtajia msichana mwengine, wa Kiembe Samaki. Ikifika Septemba bila ya neno lako, posa inarudi, na Yusra hatatoa chozi mbele yetu, namjua. Ataendelea kumkanda Biasha goti.

Kuhusu jarida, una haki. Nimemwambia Bi Shariffa. Amechukua kalamu, akakata jina langu na kuandika lako kwenye nakala zote kumi na mbili za maktaba, mimi nimesimama pale.

Umeniuliza kama niliandika kusudi. Hilo leo silijibu.

Khatib


Kasimbira, Kongo
6 Agosti 2006

Mdogo wangu Khatib,

Marahaba. Kiangazi kimeshika, vumbi la barabara ya Wachina linaingia mpaka kwenye ugali. Mgongo ni ule ule. Aliyevunjika mkono amerudi kazini, anahesabu matofali kwa mkono mmoja.

Mpe Bi Shariffa hii, jina aweke anavyojua.

Visima vimekwisha. Ndani yake tunashusha pete za zege, moja juu ya nyengine, mpaka tufike maji. Mlimani maji yako mbali, tumeshusha pete kumi na nne. Ziwani yako karibu, kumi na moja zikatosha. Wiki ya pili watu wa ziwani wakakaa mbele ya lori la Saud, hapiti mtu.

"Maji mnayo?" Saud akawauliza, mimi namfasiria kwa maneno madogo madogo niliyokwisha jifunza.

"Tunayo."

"Matamu?"

"Matamu."

"Sasa pete za nini?"

"Wao wanazo kumi na nne."

Saud akashika kichwa. Akasema hawa watu wana wivu wa kitoto, akataka kuwaita askari. Yeye siku zote alikuwa haulizi, na kutouliza kulimfikisha mbali, nisimdhulumu. Mimi nikakaa chini na Mwalimu Sumaili, mchana kutwa, nikamuuliza pete hizo tatu ni za nini hasa. Kisha akaniambia: vita vilipokwisha walikuja watu wa kuandika waliokufa. Mlimani wakaandika kumi na nne. Ziwani wakaandika kumi na moja, kwa sababu watatu walizama na miili haikupatikana, na asiye na mwili hakuandikwa. Watu walipohesabu pete wakaona ni hesabu ile ile. Wakajua Waarabu wamepewa orodha, na wale watatu wamekataliwa tena.

Hakuna Mwarabu aliyeijua orodha hiyo. Ilikuwa ni maji tu.

Nikamwaga pete tatu nyengine, nikazilaza kando ya kisima cha ziwani. Saud akauliza, "Hizi za nini?" Nikamwambia, "Za waliozama." "Nani kakwambia?" "Nimeuliza." Akaagiza saruji yake iandikwe kwenye hesabu ya kazi, na kutoka siku ile akienda kwa wazee hunichukua. Ramazani wa mlimani alikuja kuziangalia pete hizo. Nilidhani atadai zake. Alisema mmoja wa waliozama alikuwa akimuuzia chumvi.

Na sisi Khatib tumeishi hivyo hivyo. Chakula, salamu, paa linavuja, hakuna aliyeuliza. Hujaniuliza hata siku moja kwa nini niliondoka. Basi nakwambia bila ya kuulizwa. Siku ya khitma ya Mwanakheir, mchana, watu wamejaa, Yusra alikuwa analilia mama yake na mimi nimempakata. Nilimbembeleza mpaka jasho likanitoka. Ukaja wewe ukamchukua, akaweka kichwa begani kwako, akanyamaza. Watu wakasema mashaallah. Mimi nilisimama mlangoni mwa chumba cha mke wangu aliyekufa na nikakuchukia. Habari ya kazi ya Dar es Salaam ilikuwa kisingizio. Kazi hata sikuwa nimeipata.

Wakala uko ndani ya bahasha hii. Nimeuandika mara tatu, mbili za kwanza nilizichana. Mashahidi ni Sumaili na Ramazani. Watu wanasema ni mara ya kwanza majina yao kukaa kwenye karatasi moja. Wivu bado ninao, usidhani umekwisha kwa sababu nimetia saini. Sharti langu moja: utaje jina langu kwa sauti, wasikie mpaka waliokaa barazani.

Machano


Malindi, Unguja
4 Septemba 2006

Kaka Machano,

Shikamoo. Karatasi iliwahi, Jumapili ya mwisho ya Agosti. Nikaha tumeifunga Ijumaa, tarehe mosi, baada ya sala ya alasiri, msikiti wetu wa Malindi. Yusra sasa ni mke wa Sami. Wamehamia Kiembe Samaki, vyumba viwili, ndege zinapita juu ya paa lakini paa halivuji.

Nitakueleza jinsi ilivyokwenda, kwa sababu utaisikia kwa watu, na ni bora uisikie kwangu.

Shekhe aliisoma karatasi yako mbele ya wote, na majina ya mashahidi wako. Nikashikana mkono na Sami. Nilikuwa nimejifunza maneno wiki nzima, Biasha ananisikiliza. Nikafungua kinywa nikasema, "Nimekuoza binti yangu Yusra."

Shekhe akanigusa bega. "Binti yako, Khatib? Umepewa wakala wa nani?"

Wakacheka wachache wa nyuma. Sami akanitazama, mkono wake umo ndani ya wangu. Nilitaka kusema ulimi umeteleza. Haukuteleza. Nikavuta pumzi nikasema upya, na safari hii wamesikia mpaka wauza kahawa wa nje: "Nimekuoza Yusra binti Machano, kwa wakala wa baba yake." Sami akakubali. Watu wakaitika amina.

Nina deni la jibu kwako. Ile "Baba" niliiandika kusudi. Yusra alisema, "Ami, soma tena." Ami. Ndivyo alivyoniita siku ile na ndivyo anavyoniita tangu ulipoondoka. Mimi na Biasha hatukujaaliwa mtoto, unajua, ingawa hujawahi kuuliza na sisi hatujawahi kusema. Nimemfundisha kusoma, nimemuuguza surua, nimempeleka skuli siku ya kwanza amenishika kidole. Miaka kumi na tatu, na hakukosea hata mara moja. Wewe ulikuja kwa siku ishirini tu mwaka elfu mbili, na kutoka uwanjani alikwita Baba kama kwamba ulitoka dukani. Nilikaa na barua yako iliyochekesha watu wote, naona anavyocheka kwa ajili yako, nikataka neno lile liwe langu angalau kwenye karatasi. Sikujua litakuuma hivyo. Au nilijua.

Nisamehe ukiweza. Nyumba ina sauti ya Biasha na mimi tu.

Khatib


Kasimbira, Kongo
10 Oktoba 2006

Mdogo wangu Khatib,

Marahaba, na Ramadhani njema. Hapa tunafutari pamoja uani mwa skuli, watu wa ziwani upande mmoja wa mkeka na wa mlimani upande mwengine, uji umewekwa katikati. Kuongea bado wanaongea kidogo. Kupokezana bakuli wanapokezana.

Nilipofika pale shekhe alipokuuliza binti ya nani, nilifurahi. Sikufichi, nilicheka kwa sauti, mpaka Sumaili akauliza kuna nini. Nikarudi nyuma nikapasoma tena. Nilipofika pale pa Ami, furaha ikaniishia mkononi. Nilikuwa nimekuonea wivu miezi yote hii kwa kitu ambacho hukuwa nacho, na wewe umenionea kwa kitu ambacho sikukifanyia kazi.

Surua ya Yusra sikuijua. Andika ilikuwa mwaka gani, na ilimkamata vipi. Andika yote, hata kurasa kumi. Nitayasoma kidogo kidogo, maana nadhani yatanichoma.

Skuli tunaezeka mwezi ujao, kisha nakuja. Nimeshamwambia Saud, amekubali. Nikifika nitamwita Yusra, wewe uwepo, nimwambie kwa kinywa changu kwamba akitaka kukwita Baba ana ruhusa yangu. Usimtangulie kumwambia. Nataka iwe mimi. Na akilisema neno hilo mbele yangu na mimi nikatoka nje, usinifuate, niache nitembee mpaka Forodhani. Nitarudi.

Kakako,
Machano